Kipande cha Anayeondoka

Leo nimechoka, na sisemi ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Nilikuwa natoka soko la nguo la Shisanhang na mabunda mawili ya magauni ya watoto, moja begani, jingine nalikokota kama mbuzi aliyegoma. Huku nguo za watoto zinauzwa kwa kimo, siyo kwa umri. Nilipotaka kumchagulia mwanangu gauni moja la kwake, laoban, yaani tajiri wa duka, aliniuliza ana kimo gani. Nikaweka mkono hewani. Nikaushusha. Nikaupandisha. Yule mama akacheka, akasema mtoto huyo anapanda na kushuka kama lifti. Nami nikacheka, nikalipa, nikatoka bila gauni la mwanangu.

Ni baada ya hapo ndipo nilipopita mbele ya duka la mikate, mtu akafungua mlango, hewa ya kiyoyozi ikanipiga usoni ikiwa na harufu ya siagi iliyoiva ndani ya unga. Siagi peke yake hainishughulishi. Baridi nayo, mji huu mzima umejaa viyoyozi. Ila vikinijia pamoja, siagi na baridi, basi mimi kwisha. Narudi kuwa kitoto cha kike kilichovalishwa sweta katikati ya joto la Guangzhou, kinauliza swali lilelile: nani anaondoka? Niliketi juu ya bunda langu palepale njiani. Mzee mmoja wa mkokoteni akanifokea kwa Kikantoni nimpishe, nikamjibu kwa Kiswahili cha Tanga kwamba leo sipishi mtu. Sijui kila mmoja alimwelewa nini mwenzake, lakini alizunguka.

Mama alinileta mji huu nikiwa bado sijaota meno ya pili. Yeye na Baba walikuwa wakinunua madaftari, penseli na vitu vya kuchezea pale mtaa wa Yide Lu, wakivipeleka dukani kwetu Tanga. Nyinyi wenzangu mliolelewa katika nyumba za biashara mnajua maisha yale. Kitanda chetu kilizungukwa na maboksi mpaka darini, na chumba kizima kilinuka plastiki mpya. Nilidhani watoto wote duniani hulala katikati ya midoli wasiyoruhusiwa kuigusa. Nikiomba mmoja tu, Mama alinijibu kwa neno alilolizoa sokoni, meiyou, hakuna, na huku maboksi yananitazama.

Jiko tulishirikiana na Bi Halina. Huyu alikuwa mwanamke wa Kipolandi, mrefu, mwenye mikono mikubwa na sauti ya kukwaruza, aliyekaa chumba cha pili. Kazi yake ilikuwa kukagua mapambo ya Krismasi kabla hayajafungwa kwenda kwao. Alishinda Yide Lu akigeuzageuza mipira inayong'aa, akitafuta iliyopasuka, na jioni alirudi na chembechembe za dhahabu kwenye nyusi. Kiswahili alijifunza kwa Mama, palepale jikoni, kwa hiyo alijua kusema chumvi, moto, koroga, na nyamaza wewe mtoto, kabla hajajua kusema habari za asubuhi.

Mwanzoni Mama alimwogopa, na sababu ilikuwa soseji zake za nguruwe. Friji lilikuwa moja. Mama alivitia vitu vyetu ndani ya mifuko mitatu mitatu kana kwamba nguruwe angeruka usiku. Kwa sababu hiyohiyo sikuruhusiwa kula kitu chochote cha maduka ya mikate ya mtaani, maana Mama alikuwa amesikia kwamba unga ule wanaukandia mafuta ya nguruwe. Nami kila asubuhi nilipita hapo mbele ya vile vitumbua vyao vya mayai, vya manjano, vinavyotetemeka katikati, nikiwa nimezibwa pua kwa mkono wa mama yangu. Mtoto wa watu nilikuwa na njaa ya siagi.

Siku moja Bi Halina alirudi na trei mpya ya kuokea, akaifunga uzi mwekundu kwenye mshikio, akaitundika upande wetu wa jiko. "Hii ya Tanga," alisema. Siagi akamtaka Mama akainunue mwenyewe kwenye duka la Waislamu analoliamini. Akamtaka asimame hapo aone kila kinachoingia. Tokea siku ile, Mama akaacha kufunga mifuko mitatu mitatu.

Kilichopikwa kwenye trei ile kiliitwa kremufka. Ni tabaka mbili za unga mwembamba unaovunjika kama majani makavu, na katikati yake krimu nene ya maziwa na mayai, kimo cha kiganja changu cha wakati ule, juu imenyunyiziwa sukari ya unga. Ukiuma, krimu inatoroka pembeni, unabaki unaikimbiza kwa ulimi. Unga wake ulisukumwa, ukapakwa siagi, ukakunjwa, ukalazwa, ukasukumwa tena. Mama alipoona akasema kumbe chapati tu hii, mwanamke anajifanya ana siri. Akamnyang'anya kifimbo. Kisha akaitilia ile krimu iliki bila kuomba ruhusa, Bi Halina akanuna siku nzima, na tokea hapo hakuipika tena bila iliki.

Lakini kremufka haipendi joto. Siagi ikilainika kabla ya kuingia motoni, zile tabaka zinashikana na umepata tambara. Na Guangzhou joto lake mnalijua, la kukupikia ukiwa umesimama. Kiyoyozi tulikuwa nacho kimoja, chumbani kwetu, na Mama hakukiwasha hata tukilala tumelowa, kwa ajili ya umeme. Siku ya kremufka tu ndipo kilipowashwa. Madirisha yalifungwa, taulo likawekwa chini ya mlango, meza ikaingizwa chumbani kati ya maboksi, na mimi nikavalishwa sweta. Tukakaa humo, wanawake wawili na mtoto, tukipuliza viganja tukicheka.

Na siku ya kremufka ilikuwa siku ya kuaga. Sisi watu wa pwani tukimuaga mtu tunamfungia vya kula njiani, vileja, visheti, halua, vitu vya kukaa mkobani mpaka afike. Bi Halina aliona hilo ni jambo la ajabu. Chakula cha kuaga, alisema, kiwe kile kisichosafiri, ili mtu akile hapahapa akiwa bado yupo, na atuangalie machoni. Kremufka ikikaa nje ya friji inaloa, huwezi kuibeba. Kwa hiyo kila mgeni kutoka nyumbani aliyelala kwetu akifanya manunuzi yake, asubuhi ya kwenda Baiyun kupanda ndege alikatiwa kipande kikubwa cha kwanza kwenye sahani ya kingo za bluu. Sisi wengine tulipata vilivyobaki.

Sasa mpeni mtoto mambo hayo halafu mwambieni asipange hesabu zake. Chumba kinatiwa baridi, mtu anakula kwenye sahani ya bluu, mtu anaondoka. Wageni wote walikula, wote wakaondoka, wengi sikuwaona tena. Baba alikula vipande viwili. Alisifia mpaka Bi Halina akaona haya, akasema anakwenda kuangalia duka, akarudi Tanga. Hakuja tena. Miezi ikapita, Mama akapokea simu moja ndefu akiwa amekaa juu ya boksi la penseli, na baada ya hapo jina la Baba likawa halitajwi. Watu wazima walijua kwamba ameoa mke mwingine. Mimi nilijua kwamba amekula vipande viwili.

Tokea siku ile nikawa na kazi moja tu, kuhakikisha Mama haili. Kila kiyoyozi kilipowashwa nilikimbia kuuliza, "Nani anaondoka?" Nikishatajiwa mgeni fulani moyo unatulia. Lakini Mama akipeleka mkono kwenye sahani ya bluu, hata kwa kuionja tu, nilimvuta kanzu, nikalia, nikamwagia watu maji. Walidhani nina choyo. Mama alinifinya mara kadhaa kwa ajili hiyo, na nilifinywa nimeridhika.

Basi siku moja nilitoka kucheza nikakuta taulo chini ya mlango. Ndani kulikuwa na baridi na hapakuwa na mgeni. Nilimuuliza Mama nani anaondoka. Akaniambia nivae sweta. Nikamuuliza Bi Halina. Yeye alikuwa akisukuma unga kwa nguvu kupita kawaida, hakuinua kichwa, akasema nyamaza wewe mtoto, ila sauti haikuwa na ukali wake. Nikaangalia chini ya kitanda. Lile sanduku kubwa la Mama, la kijani, lilikuwa limetolewa, limefutwa vumbi.

Ilikuwa wazi kabisa. Mama anaondoka kama Baba.

Sikulia. Nashangaa mpaka leo kwamba sikulia. Nilikaa pembeni nikawatazama wakikunja ule unga na kuulaza, kila mmoja akimkwepa mwenzake macho. Mama aliiponda iliki muda mrefu mno, kazi ya dakika akaifanya kama anataka kuimaliza dunia. Ilipookwa, ikapoa, ikatiwa krimu, ikalazwa kwenye friji mpaka asubuhi, mimi nilikuwa nimeshapata la kufanya. Kama kinachomwondoa mtu ni kipande chake, basi asikipate.

Asubuhi, Mama alipoingia kuoga, nilikwenda jikoni. Sahani ya bluu ilikuwa mezani, na juu yake kipande kikubwa kuliko vyote nilivyopata kuona. Nilikila nikiwa nimesimama. Mwanzoni kilikuwa kitamu, sitawadanganya, krimu ya baridi na iliki, na ule unga unaolia mdomoni. Halafu kikaacha kuwa kitamu nikawa nakifanya kazi. Nilipokimaliza nikaogopa kwamba atapewa kingine, nikafungua friji nikala na vilivyokuwa kwenye trei, mpaka machozi ya kushiba yakanitoka. Ndivyo Mama alivyonikuta, sukari mpaka kwenye nyusi kama Bi Halina akitoka kazini.

Aliniuliza kwa upole kama nimekula chote. Nikamwambia nimekula.

"Si changu, ni chako," nikasema. "Nimekula ili usiondoke."

Mama alikuwa na taulo kichwani. Aliketi kwenye kiti, akanitazama, akaitazama ile sahani, na kwa muda nilidhani nitafinywa. Alinivuta akanifuta uso kwa ncha ya kanga yake, polepole, nyusi, pua, kidevu.

"Umefanya vizuri, mwanangu," akasema. "Sasa mimi siondoki."

Nilishinda! Hakuna siku niliyotembea kifua mbele kama nilivyotembea saa ile kutoka jikoni kwenda chumbani. Hata tulipopanda teksi na lile sanduku sikutia shaka. Alisema haondoki, na mimi nilikuwa mtoto anayemwamini mama yake. Kule Baiyun tulimkuta Bi Rehema, mfanyabiashara wa Dar aliyekuwa akifikia hoteli, naye akanishika mkono wa pili. Mama akachuchumaa mbele yangu akaanza kunieleza habari za shule. Kwamba huku shule za watoto wa kigeni ni za matajiri. Kwamba Tanga kuna mama mkubwa, dada yake, na nitalala na binamu zangu kitanda kimoja, na hakuna maboksi. Nilimsikiliza mpaka nikaona sanduku la kijani likisukumwa kwenye mkanda, na juu yake jina langu.

Hapo ndipo akili ilipochemka. Nilikuwa nimekula kipande cha anayeondoka, kwa hiyo anayeondoka ni mimi. Nilichokula basi nikitoe. Nikatia vidole kooni mbele za watu, nikaitapika kremufka yote juu ya buibui la Bi Rehema, nikamgeukia Mama nikiwa na matumaini kabisa. Yule mama wa watu akasema masikini, mtoto anaogopa ndege. Mama alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga. Tulipovuka ule mstari ambao yeye hakuruhusiwa kuuvuka, bado nilikuwa nageuka kumwonyesha kwamba nimeshatapika.

Nilikua Tanga. Nililelewa vizuri, simlaumu mtu. Mama alikuja alipoweza, Ramadhani hii na ile, na mizigo, na mikono iliyozidi kukauka, akakaa siku chache akarudi. Nilimpenda na nilikuwa na kinyongo naye, vyote pamoja, kama mnavyojua inavyowezekana. Kinyongo hakikuwa cha kupelekwa. Kilikuwa cha lile neno. Angeniambia ukweli jikoni pale. Aliniacha nitembee kifua mbele na huku anajua ni kipande changu nilichokila. Sikuwahi kumuuliza. Alirudi nyumbani moja kwa moja mwaka niliomaliza masomo, nikamwona ni mwanamke aliyechoka anayelala mchana, na kabla sijapata namna ya kulianzisha akatutoka. Biashara nikairithi, na safari zake.

Nikafikia kwa nani, kama siyo kwa Bi Halina? Bado yuko, amezeeka, kazi ya kukagua mapambo anaifanya kwa kupangusa miwani kila mara. Chumba chetu cha zamani ndimo ninamolala, katikati ya maboksi, na mwanangu analala Tanga, kwa mama mkubwa yuleyule, anasoma shule ileile. Nimefanya vilevile, ndiyo. Zamani kila tukizungumza kwa simu aliniuliza narudi lini. Siku hizi haniulizi. Ananieleza habari za paka, anaaga kwa adabu, anampa bibi simu. Adabu hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.

Basi leo nimefika na mabunda yangu, nimemkuta Bi Halina jikoni akimenya viazi, na nikamwambia yote. Harufu, sanduku la kijani, buibui la Bi Rehema. Nikamwambia na lile neno, kwamba mama yangu alinidanganya.

Aliweka kisu chini. Akasema siku ile Mama aliporudi kutoka Baiyun aliikuta ile sahani haijaoshwa, akakaa nayo mapajani mpaka giza likaingia, na hakuruhusu mtu aioshe. Akasema miaka yote iliyofuata, wageni walikuja wakaagwa, kremufka ikapikwa, na Mama alisimama akasukuma unga, akaponda iliki, akawakatia watu, lakini kipande chake alikisogeza kando. Wageni walimshangaa. Wengine walimtania kwamba anaogopa kunenepa. Yeye aliwajibu jibu moja.

"Alisema, mwanangu alikula changu, mimi siwezi kuondoka moja kwa moja mpaka amalize shule," Bi Halina aliniambia. "Siku moja akaja akaniomba niwashe baridi. Nikamuuliza nani anaondoka. Akasema, mimi. Alikula vipande viwili, akalia, akala cha tatu."

Miaka yote nimembebea mama yangu uongo ambao hakuusema. Aliniambia haondoki, na hakuondoka. Alikaa katika chumba kile cha plastiki, akiziba masikio yake asisikie habari za nyumbani, ili ada yangu isikatike, na kipande anacho mezani na hakukigusa. Nimelia leo kilio ambacho sikulia siku ile ya taulo chini ya mlango, na Bi Halina akaniacha nilie, akaendelea na viazi vyake.

Nilipojifuta nikamwambia kwamba kesho nitakwenda kununua siagi.

Akanitazama juu ya miwani. Hapakuwa na mgeni ndani ya nyumba. Mzigo wangu wa kontena haujatimia, na tiketi sijakata.

"Nani anaondoka?" akauliza.

Nilifungua mdomo niseme kwamba ni hamu tu, nimeikumbuka tu. Lakini mkono wangu, mjinga huu, ulikuwa umekwenda hewani tena, ukitafuta kimo cha mtoto, unashuka, unapanda, haujui pa kusimama.

"Mimi," nikasema.

Bi Halina alijipangusa mikono kwenye aproni. Aliinuka kwa kujishika magoti, akaitungua trei yenye uzi mwekundu upande wetu wa jiko, akaipuliza vumbi, akanipa niioshe. Kisha akaniambia nikitoka kesho nisisahau na iliki, na usiku huu niangalie kama lile sweta la Mama bado liko kabatini, maana kiyoyozi atakiwasha mara nitakaporudi na siagi.